Shuka za Gungu

Siku ya kwanza nilipomwita bibi mwenye nyumba wangu msanii, aliniuliza nilimsikia akiimba wapi. Nikamweleza kwamba msanii si lazima aimbe, kwamba hata mtu anayedarizi mashuka na foronya kwa ufundi kama wake ni msanii, na kwamba huko Dar es Salaam watu wa aina yake hualikwa ukumbini, wakakalishwa mbele na kuwekewa maji ya chupa. Alinisikiliza hadi mwisho, maana adabu alikuwa nayo, kisha akasema, "Maji ninayo ndani, Mwalimu. Nishikie huu uzi."

Nikaushika. Kwa miaka tisa nilikuwa mpangaji wake pale Ujiji, chumba cha uani, tangu nilipoletwa Kigoma kutoka Singida kufundisha hisabati mpaka nilipohamishwa tena mwishoni mwa mwaka jana. Sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia nikiwa nimenyoosha vidole viwili mbele yangu huku yeye akikunja uzi. Wenzangu shuleni walisema nina bahati ya kupanga kwa bibi mtulivu. Hawakupata kumwona siku uzi ulipojifunga fundo.

Mjini walimwita Bibi wa Foronya, nami nitamwacha hivyo hivyo, kwa sababu jina lake lenyewe alisema ni la kitambulisho na la siku ya kuzikwa. Bibi harusi wa Ujiji anaweza kukosa kitanda, anaweza kukosa hata bwana harusi mwenye kazi, lakini zamani zile akikosa shuka na foronya za mkono wa bibi huyu, mashangazi zake waliona ndoa ina nuksi tangu mwanzo. Wasichana wa sasa wananunua dukani. Mashangazi bado wana msimamo wao.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya kutoka. Mwenyewe aliita kulisha macho. "Jicho lisilotoka linakula kiporo," alikuwa akisema, kanga begani, mwavuli mkononi, hata kama hakuna mvua wala jua la kutisha. Wakati wa likizo alinichukua nimsindikize, nami nilikubali nikidhani nitajifunza jinsi wasanii wanavyopata mawazo yao. Nilijifunza kusimama juani. Sokoni Mwanga aliingia duka hili akatoka lile, akavuta vitenge vya Kongo kutoka rafuni, akavigeuza upande wa nyuma, akavinusa, akavirudisha bila kununua hata robo mita. Mwenye duka mmoja alimwambia, "Bibi, leo umenusa jora zima. Angalau ununue leso." Akamjibu kwamba leso zake zinachuja rangi. Ni kweli zilikuwa zinachuja, na wateja watatu waliokuwa dukani walilisikia jibu hilo vizuri sana.

Kibirizi, kule wanakoanika dagaa, ndiko alikokaa muda mrefu zaidi. Mgeni yeyote akifika pale hutazama ziwa: maji yale, maboti, milima ya Kongo ng'ambo. Watu hutoa simu wakapiga picha. Bibi wa Foronya aliomba ndoo, akaipindua, akaketi, akaligeuzia ziwa mgongo na kutazama dagaa mchangani. Saa nzima. Akinamama waliokuwa wakigeuza dagaa walidhani ni mtu wa afya amekuja kukagua, wakaanza kufukuza kuku kwa bidii ambayo naamini hawakuwa nayo jana yake. Nilipomuuliza kwa nini hatazami ziwa, alisema ziwa lina rangi moja na makuu mengi.

"Na dagaa je?"

"Dagaa hawajui kama wanatazamwa."

Miezi miwili baadaye niliona foronya zimetoka. Mistari midogo ya kijivu na fedha, mamia, yote imelala upande mmoja isipokuwa michache iliyopinduliwa, na ukiangalia vizuri unaona nyayo za kuku zimepita katikati. Aliyeagiza alikuwa ametaka mawaridi.

Alikwenda kote, isipokuwa mtaa wa Gungu. Mwanzoni nilidhani ni bahati tu. Baadaye nikaona dereva wa bajaji anaelekezwa kuzunguka kwa njia ndefu yenye mashimo, na bibi mwenyewe akiyalalamikia mashimo hayo njia nzima. Kwenye harusi za Kasulu hakukanyaga, kwa kuwa gari la Kasulu lazima lipite Gungu. Tabora alikwenda, kwa sababu treni haina habari na Gungu. Sababu ya yote haya ilikuwa seti moja ya shuka na foronya.

Zaidi ya miaka thelathini nyuma, mumewe, fundi wa injini za maboti, aliamua kuoa mke wa pili, binti wa Kiha kutoka Kasulu, akamweka Gungu. Hilo halikuwa ajabu kwa mtu yeyote. Ajabu ni kwamba bwana huyo, akiwa mtu wa kupenda kazi safi, aliwaza ni nani katika mji huu anayeweza kumdarizia bibi harusi shuka za maana, akapata jibu moja tu, akaenda nalo nyumbani pamoja na kitambaa. Alimwambia mkewe, "Hakuna mwingine anayeiweza." Naamini mpaka leo kwamba alidhani anamsifu.

Naye akashona. Alishona miezi mitatu. Siku vyombo vya bibi harusi vilipotembezwa, wanawake wa Ujiji waliziona: shuka nyeupe, ukingoni kote mmea ule unaotambaa mchangani kando ya ziwa, na katikati ya kila foronya ua moja kubwa la zambarau, limejazwa nyuzi likafura, kiasi kwamba ukiligusa umefumba macho unajua ni ua. Waliokuwepo wanasimulia mpaka leo. Nusu yao walisema mwanamke huyu ana moyo wa peponi. Nusu nyingine walisema mle ndani kuna kitu.

Yeye alisema kazi ni kazi. Lakini kila alichoshona baada ya hapo alikipima kwa kile. Akimaliza, akakata uzi wa mwisho, aliinua kitambaa kwenye mwanga wa mlangoni, akasema, "Nzuri. Si kama za Gungu." Alitaka kuziona tena. Alinitamkia hivyo mara moja tu, akiwa na homa, na nadhani angeyajua aliyoyasema angenihamisha chumba. "Shuka inajulikana ikichakaa, Mwalimu," alisema. "Nataka nizione kabla sijafa. Nataka nione zimechakaa wapi."

Nilimwambia apumzike.

Alikuwa na mambo mengi yasiyolingana. Alihubiri subira kutwa nzima, na sindano ikianguka alitukana kwa Kimanyema akidhani mimi sielewi. Alinikataza kubishana bei na wauza mboga, akasema ni aibu kwa mtu mwenye mshahara, kisha mwenyewe akabishana na muuza nyanya mpaka yule mama akaomba kwenda kuswali kwanza. Kuhusu swala, hakuna wakati uliompita, ila aliswali kwenye mkeka mtupu usio na hata mstari mmoja wa rangi. Misala ya kununua, ile yenye misikiti na nakshi, alikuwa ameletewa minne na watu waliotoka Hija. Yote aliigawa. Alinieleza bila haya kwamba akisujudu juu ya nakshi anaanza kuhesabu, halafu hajui tena yuko rakaa ya ngapi, na Mungu si wa kuchanganywa na maua.

Karatasi ya kaboni hakuitaka. Mafundi wengine huinakili picha ya ua kutoka kitabuni, yeye alichora kwa penseli juu ya kitambaa moja kwa moja, akashona juu yake. Majani yake yalikuwa na matundu ya wadudu. Wateja walilalamika. "Kisamvu kisicho na tundu umekiona wapi?" aliwauliza, na kweli wengi wao walikuwa na kisamvu nyuma ya nyumba, wakachukua foronya zao.

Wasichana wanapenda mioyo. Walikuja na simu zao wakamwonyesha: mioyo miwili imechomwa mshale, chini majina. Alikataa kwa miaka. Kisha akaja binti mmoja wa Bangwe, mkaidi kama yeye, akasema bila mioyo hakuna kazi. Alhamisi iliyofuata Bibi alikwenda kwa muuza nyama wa Mwanga, akaomba kuonyeshwa moyo wa ng'ombe, akautazama pande zote huku foleni ikimsubiri. Foronya zilipotoka zilikuwa na mioyo miwili kama ilivyoagizwa, na mishipa yake, na mafuta yake ya manjano kwa juu, na ile rangi ya nyama ya asubuhi. Mashangazi walizirudisha huku mmoja analia. Bahati, bwana harusi alikuwa daktari kutoka Moshi. Alizitazama kwa makini, akasema huu wa kushoto umevimba kidogo lakini wa kulia ni mzima kabisa, akazichukua. Nasikia wana watoto watatu.

Mimi mwenyewe aliniponza mara moja. Nilimwalika kwenye mahafali ya shule yetu, nikamkalisha karibu na meza kuu, kwa heshima. Alikuwa na tabia ya kugeuza kila kitambaa kuona upande wa nyuma, maana alisema mbele kila mtu anajitahidi. Mgeni rasmi alikuwa anaanza kutuasa kuhusu nidhamu. Nikaona pembe ya kitambaa cha meza inainuka polepole, chupa za maji zinaegemeana, na mkono wa Bibi unapita chini. "Nyuma kumejaa mafundo," alitangaza, si kwa sauti kubwa, lakini kipaza sauti kilikuwa pale pale. Kitambaa kilikuwa kimedariziwa na mke wa mwalimu mkuu. Mwaka uliofuata nilipangiwa vipindi vyote vya Ijumaa mchana.

Mumewe nilimkuta hai, nikakaa naye miaka sita. Alikuwa mzee mpole mwenye mikono iliyonuka dizeli hata siku ya Idi. Siku mbili alikuwa Ujiji, siku mbili Gungu, bila kukosea. Siku za Gungu zilipofika alivaa kofia, akapiga pikipiki yake teke, mkewe akamwombea safari njema kutoka barazani, kisha akarudi kwenye duara lake la kubania kitambaa, akaanza kushona. Kazi zake nzuri, nilikuja kugundua, zote zilishonwa siku hizo. Nilipomuuliza kwa nini asimuulize tu mzee zile shuka zinaendeleaje, aliniangalia kama mwanafunzi aliyejumlisha mahali pa kuzidisha.

"Nimuulize mwanamume habari za shuka? Atajua nini?"

Mzee alipofariki, wake wote wawili walikaa mkeka mmoja pale Ujiji. Nilikuwa nikipitisha chai, nikawasikia wanazungumza mambo mawili tu, chumvi ya wali na zamu ya kuchota maji. Mke mdogo alirudi kukaa eda yake Gungu, huyu akakaa ya kwake, na miaka mitatu ikapita kila mmoja akiwa mjane upande wake wa mji. Nilidhani basi, habari ya shuka imezikwa na mwenyewe.

Likizo ya Juni mwaka jana alikuja mama mmoja kuagiza foronya za binti yake. Alitaka kama zile ambazo marehemu mama yake alikuwa akimsimulia, zenye ua la zambarau lililofura. Bibi alikubali haraka mno. Akachora, akashona, akafumua. Akashona tena. Mara ya tatu alifumua ua zima akaniambia amesahau alivyozipishanisha nyuzi pale katikati, na kwamba ni lazima aangalie. Alikuwa ameshona maelfu ya maua katika maisha yake na hakuwahi kusahau hata moja, lakini sikumkumbusha hilo.

"Mwalimu, wewe una safari ya Gungu kesho?"

"Sina, Bibi."

"Unayo."

Tulikwenda asubuhi kwa bajaji, kwa njia iliyonyooka. Alishika mwavuli kwa mikono miwili na hakulalamika, ingawa dereva alikuwa mtu wa kulalamikiwa. Nilimwuliza kama yuko sawa. Alisema yuko sawa, ni kazi tu.

Mke mdogo tulimkuta barazani akimimina mawese kwenye chupa. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, na alipotuona alisimama ghafla mpaka mawese yakamwagikia vidoleni.

"Mwakeye, dada," alisema kwa Kiha, kisha akakumbuka. "Shikamoo. Karibuni. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna aliyekufa. Nimekuja kuona shuka."

Hakuuliza zipi. Alijifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyaleta haya. Mimi nilitazama kuku. Akaingia ndani, na muda si muda tukasikia sanduku la bati linaburutwa sakafuni.

"Sanduku," Bibi aliniambia kwa sauti ya chini. "Kwa nini sanduku?"

"Labda zimechakaa sana, akaziweka," nilisema. Lilikuwa jibu zuri na lilimtuliza kidogo.

Tukaitwa chumbani. Juu ya kitanda kulikuwa na furushi: mfuko wa nailoni, ndani yake kanga, ndani ya kanga magazeti, na harufu ya dawa ya nondo iliyotutoa machozi wote watatu kabla ya wakati. Mke mdogo akalikunjua. Mikunjo ilikuwa imeacha mistari ya manjano kwenye kitambaa, lakini maua yalikuwa kama yameshonwa jana. Nilikuwa nimeyasikia miaka tisa, na nakiri yalizidi nilivyosikia. Ule mmea ulikuwa unatembea. Nilitaka kusema kitu cha sifa.

Bibi hakuangalia ua. Aliinua ukingo wa shuka karibu na jicho lake, akafuata shina kwa ukucha.

"Penseli," alisema.

Sikuelewa. Akanionyesha: kando ya kila jani ulikuwepo mstari mwembamba wa kijivu, ule aliouchora kabla ya kushona. Mstari huo huondoka shuka inapofuliwa mara ya kwanza. Hapa ulikuwepo wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Hujafua," alimwambia mke mwenzake.

"Sijafua."

"Hujalalia."

Mke mdogo alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Niliogopa, dada."

"Uliogopa kuchafua?"

"Nilikuogopa wewe." Alikuwa akisema na sakafu. "Mama alizitazama siku ile ile zilipoletwa. Akasema, mwanangu, mke mwenza hakushonei namna hii bure. Angekushonea ovyo ningekwambia lala. Hizi ni nzuri mno. Akanikataza. Mama alipokufa nikasema sasa nitazitoa, nikaogopa. Kuzitupa nikaogopa. Kumpa mtu nikaona nitampelekea balaa."

"Na yeye? Hakuuliza?"

"Aliuliza mara moja. Nikamwambia nazitunza. Akasema sawa."

"Akasema sawa."

"Ehe."

"Mlikuwa mnalalia nini?"

"Za dukani. Zile za tausi. Alileta mwenyewe."

"Za tausi," alisema Bibi. "Hata mimi aliniletea za tausi."

Nilidhani atacheka. Mimi nilikuwa karibu kucheka, Mungu anisamehe. Lakini niliona mdomo wake unatetemeka, na katika miaka tisa sikuwahi kuuona unatetemeka, hata msibani.

"Wewe unajua mimi nilikuwa nalalaje siku zake za huku?" alisema. "Nilikuwa nafumba macho najiambia, haya, yuko kwake, ni haki yake. Lakini shavu lake liko juu ya mkono wangu. Akigeuka huku, ni mimi. Akigeuka kule, ni mimi. Ndicho kilichokuwa kinanilaza, miaka yote ile. Kumbe yuko juu ya tausi!"

Mke mdogo akaanza kulia, kilio cha mtu mnene, kinachotikisa kitanda. Nikasogea mlangoni. Nilitamani niwe darasani, hata Ijumaa mchana.

"Dada," alisema katikati ya kwikwi, "niambie sasa, mzee hayupo. Ilikuwa dawa au haikuwa dawa?"

"Ilikuwa wivu," alijibu Bibi. "Wivu mtupu. Na haukumdhuru mtu zaidi yangu." Akajifuta uso kwa pembe ya kanga, akaziangalia zile shuka, na hasira yake nyingine, ile ya kazi, ikapanda. "Miaka thelathini kwenye nondo! Mimi ninashona vitu vya kulaliwa. Inuka. Tandika."

Wakatandika. Mmoja huku, mmoja kule, wakavuta pembe, wakapiga kofi mikunjo. Hata katika hali ile Bibi alimkosoa jinsi ya kukunja upande wa miguuni, na mwenzake akarudia. Walipomaliza, chumba kizima kilikuwa kimebadilika. Kilionekana cha mtu mwenye bahati.

"Lala," Bibi alisema.

Mke mdogo hakusogea. "Anza wewe, dada."

Bibi akavua ndala, akafungua kilemba, akapanda kitandani kwa shida, magoti yakilia. Akalala ubavu, shavu la kushoto juu ya lile ua la foronya. "Unaona?" alisema. "Sijafa." Akavuta pumzi moja ndefu, nyingine, na kabla hatujamjibu alikuwa ameshalala usingizi.

Tulikaa barazani, mimi na mke mdogo, muda wa saa nzima na zaidi. Aliuza chupa nne za mawese. Alinitengenezea chai. Kila baada ya mteja alinituma: "Mwalimu, hebu kaangalie kama anapumua." Nilikwenda, nikarudi, nikamwambia anapumua. Mara ya tatu hakunituma, kwa kuwa koromo lilifika mpaka barazani. Alitega sikio, akatikisa kichwa. "Mimi sikupata hata siku moja kulala hivyo humu," alisema, akaendelea kumimina.

Adhana ya adhuhuri ndiyo iliyomwamsha. Alitokea mlangoni anafunga kilemba, macho madogo kwa usingizi, uso umelegea. Shavuni kulikuwa na ua. Lilikuwa lote, petali kwa petali, limechapwa jekundu kwenye ngozi, bua limepinda kuelekea sikioni, na zile nyuzi za katikati alizodai amezisahau ungeweza kuzihesabu moja moja. Mke mdogo alifumbua kinywa. Nilimtikisia kichwa. Akakifunga kwa kiganja chenye mawese.

"Zisirudi sandukuni," Bibi alimwagiza. "Leo ulalie. Ijumaa ufue. Alhamisi ijayo nitapita kuangalia kama penseli imetoka."

"Nitalala, dada. Wallahi nitalala. Karibu Alhamisi, nitakupikia."

"Usitie chumvi nyingi."

Tulirudi kwa njia ile ile. Tulipofika Mwanga, Bibi alimsimamisha dereva ili anunue nyuzi za zambarau, akapita mbele ya maduka taratibu kama kawaida yake, mimi nyuma na mwavuli. Wenye maduka wakatoka milangoni. Wateja wakageuka wakiwa wameshika vitenge mikononi. Mama mmoja alimkanyaga mwenzake.

"Wananitazama nini hawa?" aliniuliza.

"Wanakusalimia tu, Bibi."

Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri, kana kwamba mimi ndiye niliyeshona. Yeye akawaitikia wote, kulia na kushoto, na akashika njia ya kati ya soko pale ilipo pana zaidi.